Watoto, Tokeni Nje: Utangulizi wa Taaluma ya Ujinsia na Mamlaka

Jumamosi jioni, mahali fulani Kiwalani, turubai linafungwa kuziba uchochoro. Viti vya plastiki vinapangwa, kina mama wanaingia na sare zao, spika inatolewa nje, na bi harusi mtarajiwa anakalishwa mkekani, kajifunika kanga, uso chini. Ndege zinazoshuka uwanja wa Julius Nyerere zinapita karibu na mabati. Kila moja ikipita maneno yanakatika, kisha yanaendelea. Halafu inafika saa ambayo somo anasimama katikati, anajifunga kibwebwe, anaangaza macho pande zote na kusema: "Watoto, tokeni nje."

Nimekulia Kiwalani, upande wa Bombom, na nimetolewa nje ya kichenpati nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tulizunguka nyuma ya turubai tukatega sikio. Maneno tuliyoambulia yalikuwa machache, lakini tulielewa jambo moja kubwa: kuna maarifa yenye mlango, na mlango una mwenyewe. Mwenye mlango ndiye anayeamua nani mtoto na nani mtu mzima. Bi harusi wa miaka kumi na tisa ameketi katikati ya duara, wakati shangazi yake wa miaka ishirini na sita, ambaye hajapata mchumba, anatazamwa kwa jicho la "na wewe unabaki?" Umri wa cheti cha kuzaliwa na umri wa mkekani ni vitu viwili.

Utangulizi huu nauandika kwa ajili yako unayeingia katika taaluma ya ujinsia kwa mara ya kwanza, uwe mwanafunzi wa chuo, mwalimu, muuguzi, mzazi, au msomaji tu mwenye kutaka kujua. Kwa Kiswahili cha leo wanataaluma hutenganisha maneno matatu. Jinsi ni maumbile ya kuwa wa kike au wa kiume. Jinsia ni yale ambayo jamii inamdai mtu kwa sababu ya maumbile hayo. Ujinsia ni eneo pana zaidi: tamaa, mapenzi, uzazi, haya, miili, ndoa, na maana zote ambazo watu wanazipa vitu hivyo.

Lipi halali na lipi haramu ni swali lenye wenyewe: masheikh, mapadri, wazazi, na dhamiri ya kila mmoja. Sisi tunauliza swali linalotangulia. Haya tunayoyajua kuhusu ujinsia tumeyajuaje? Nani aliruhusiwa kuyasema, na nani alikuwa nje ya turubai yaliposemwa?

Mfaransa Michel Foucault, aliyefariki mwaka 1984, ndiye anayetajwa zaidi katika uwanja huu. Mwaka 1976 alichapisha juzuu ya kwanza ya historia yake ya ujinsia. Wasomi wengi wa wakati wake waliamini kwamba Ulaya ya karne ya 19 ilinyamazisha mambo ya mapenzi. Yeye alisema kinyume: karne ile iliwafanya watu wayaseme bila kuchoka, ila wayaseme mbele ya padri, daktari, mwalimu na karani wa serikali, ambao waliyaandika, wakayapanga mafungu na kuyapa majina. Kwa maelezo yake, mamlaka haikai juu ikisubiri kukataza. Inakaa ndani ya maarifa yenyewe, katika kuuliza, kupima, kuandika na kuita.

Huna haja ya kwenda Paris kulithibitisha hilo. Nenda nyumba ya kupanga ya Kiwalani, yenye vyumba sita na korido katikati. Kuta za ndani zinaishia juu ya mlango, hazifiki kwenye paa, kwa sababu tofali ni pesa na dari ni pesa zaidi. Anachokisema mpangaji wa chumba cha kwanza kinasikika chumba cha sita. Humo ndimo watoto wengi wa mji huu walimojifunza, wakiwa macho kitandani, mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwafundisha. Asubuhi kila mtu anasalimia kana kwamba hakusikia. Kujifanya hujasikia nako ni elimu, tena ya heshima: unajua nini usijue mbele ya nani. Mwenye nyumba naye ana sheria zake, kwamba mpangaji wa kike asiyeolewa asilete mgeni wa kiume. Wa kiume asiyeoa haambiwi kitu.

Kigoda cha kungwi

Foucault aliigawa dunia. Ulaya aliipa sayansi ya ujinsia, yaani ya kuungama na kuchunguza. Jamii nyingine, akitaja China, Japani, India, Roma ya kale na nchi za Waarabu na Waislamu, alizipa sanaa ya mapenzi inayorithishwa kwa siri kutoka kwa mwalimu hadi kwa mwanafunzi. Pwani yetu hakuitaja. Angekutana na kungwi, mwanamke anayewafunda mabinti, mgawanyo ule ungemyumbia mkononi. Kungwi anafundisha raha, na papo hapo anakagua, anaonya na kuhukumu. Tukisema mke fulani "hakufundwa", hukumu inampita yeye, inamfikia mama yake, somo yake na ukoo mzima.

Ardhi ambayo Dar es Salaam imesimama juu yake ni ya Wazaramo. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland aliyeishi miongoni mwao miaka ya 1960 na kuchapisha kazi yake mwaka 1970, alieleza jinsi mwali alivyowekwa ndani, akapewa mwana hiti, yule mwanasesere wa mti, na jinsi mti wa mkole ulivyobeba maana ya uzazi na ukoo katika shughuli zake. Humo utaona kwamba mwili wa binti haukuwa wake peke yake. Ulikuwa njia ambayo mababu wanapita kwenda kwa wajukuu, na elimu aliyopewa ilikuwa elimu ya kuilinda njia hiyo. Yapo mazuri ndani yake: binti hakuachwa akutane na mwili wake gizani. Yapo pia ya kuuliza, kwa sababu mtu akishakuwa njia ya wengine si rahisi aulizwe anakotaka kwenda.

Kigoda cha kungwi, hata hivyo, kilimpa mamlaka mwanamke ambaye kwingine hakuwa nayo. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, tunamkumbuka kwa taarabu, lakini alikuwa pia kungwi na mpigaji wa ngoma ya unyago. Hakuwa na mali, cheo wala watoto, na mabinti walifundwa mbele yake. Upande wa Uganda, mwanasheria Sylvia Tamale wa Chuo Kikuu cha Makerere aliandika mwaka 2005 kuhusu ssenga, shangazi anayewafunda mabinti wa Kiganda. Alionyesha kwamba shughuli ile ile inayomfundisha mke kunyenyekea ndiyo inayowapa wanawake mahali pa kusema raha zao na kupanga mbinu zao. Mwaka 2011 Tamale alihariri kitabu kikubwa kuhusu ujinsia wa Afrika, na leo ni vigumu kuianza taaluma hii bila kupitia kwake.

Waliotaka kuiongoza elimu ya kungwi walilazimika kwanza kuijua. Kule Masasi, Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa Kianglikana kuanzia 1926 hadi 1944, hakulipiga marufuku jando. Alilichukua, akaliwekea sala na baraka za kanisa, akawa na jando la Kikristo. Kwa upande wa wavulana mpango ulishika kuliko kwa wasichana, ambako wanawake wenyewe walibaki na ufunguo wa mafundisho. Hapo jifunze kuisoma siri kwa namna nyingine. Tumezoea kuiona kama ujinga au woga. Mara nyingi ni ngome.

Mtu aliyeandika desturi

Kisa ninachowapa wanafunzi wangu kabla ya nadharia yoyote ni cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa upande wa Bagamoyo, aliyezaliwa yapata mwaka 1869. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo kilichowaandaa maofisa wa Kijerumani kuja kututawala. Mwaka 1903 Mjerumani Carl Velten alichapisha *Desturi za Wasuaheli*, kitabu ambacho sehemu yake kubwa ilitoka katika kalamu ya Mtoro. Humo kuna posa, mahari, harusi, unyago, jando, talaka. Maofisa waliokuwa wakijiandaa kwa safari waliyasoma ili wajue watakaowatawala wanaishije ndani ya nyumba zao.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani, kwa ndoa halali ya Berlin. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja nyumbani. Serikali ya kikoloni ikakataa wasishuke Dar es Salaam kama mume na mke. Ikawabidi warudi Ujerumani, na huko ndiko Mtoro alikokufa mwaka 1927. Mwaka 1906 ndoa za serikali baina ya wazungu na wenyeji zilipigwa marufuku katika koloni lote.

Soma sura zake za ndoa ukijua habari hii. Mkono ule ule ulioandika jinsi Waswahili wanavyooana ulizuiwa kumshusha mkewe bandarini. Alipokuwa mtoa habari kuhusu ndoa, maarifa yake yalithaminiwa. Alipokuwa mume, akawa hatari, kwa sababu ndoa ile ilifuta mstari ambao utawala wote ulisimama juu yake, mstari wa nani mzungu na nani mwenyeji. Mwaka 1995 mwanaanthropolojia Ann Laura Stoler alimkosoa Foucault kwa hoja ya aina hii: ujinsia wa Ulaya hauelezeki bila makoloni. Bandari yetu ilikuwa imeshatoa mfano miaka tisini kabla.

Waingereza waliowafuata Wajerumani walikuja na lugha yao. Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930, iliyofuata sheria za Kiingereza zilizokwisha kutumika katika makoloni mengine, iliyaandika katika vitabu vyetu vya sheria maneno "kinyume cha maumbile". Leo maneno hayo yanasemwa kana kwamba yaliachwa na wazee chini ya mkole. Unaweza kuwa na msimamo wowote juu ya kinachokatazwa. Taaluma inachokudai ni kwamba ujue sentensi imetoka wapi kabla ya kuiita ya babu yako.

Huko Nairobi, faili za serikali ya kikoloni zilikuwa na neno moja, umalaya. Mwanahistoria Luise White alikwenda kuzungumza na vikongwe wa mtaa wa Pumwani, na kitabu chake cha mwaka 1990 kinaonyesha kwamba wenyewe walitofautisha kazi zao: watembezi waliozunguka barabarani, malaya waliongoja vyumbani na kuandaa chai, wazi-wazi waliokaa nje ya milango. Baadhi yao walijenga nyumba na kuwa wenye nyumba. Karani aliona kosa la maadili mahali ambapo mwanamke aliyehojiwa alikuwa akihesabu kodi na matofali.

Serikali mlangoni

Uhuru ulibadilisha waliokaa mlangoni. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ulitangaza Operesheni Vijana, ianze tarehe 1 Januari 1969. Sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua vilipigwa vita kwa jina la utamaduni wa taifa. Wanawake walivamiwa Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao, na barua za wasomaji zikamiminika magazetini, za kuunga mkono na za kupinga. Angalia mpaka wa taifa ulipochorwa: kwenye mapaja ya msichana anayesubiri basi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18 na wa kuolewa kwa msichana miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi. Kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi ilivifikisha vifungu hivyo Mahakama Kuu, ambayo iliamua mwaka 2016 kwamba vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Sikiliza na sarufi yetu: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Kitenzi kimoja, mmoja mtenda, mwingine mtendwa. Lugha haikutungwa bungeni, lakini bunge liliandika kwa lugha hiyo.

Sasa nikupeleke mahali ambapo mamlaka na maarifa niliyahisi kwenye ngozi. Nilipokuwa sekondari, katika shule ambayo sitaitaja, wasichana tuliitwa kila tulipotoka likizo, tukapangwa mstari nje ya chumba kimoja. Tuliingia mmoja mmoja nyuma ya pazia. Muuguzi alitubonyeza tumbo, mikono yake baridi, hakusema neno. Mwalimu aliketi mezani na daftari la kaunta, akaweka alama mbele ya jina. Hakuna aliyetueleza tunachopimwa, na hakuna aliyehitaji kueleza. Nje wavulana walikuwa wanacheza mpira, nikasikia wakishangilia goli. Wao hawakuwa na daftari.

Kanuni za kufukuza wanafunzi za mwaka 2002 hazikutaja mimba kwa jina. Zilitaja kosa dhidi ya maadili, na mimba ikasomwa kuwa ndilo kosa lenyewe. Juni 2017 Rais Magufuli alisema hadharani kwamba chini ya utawala wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikaondoa zuio hilo. Kabla ya tamko la Rais, mwaka 2016, sheria iliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Lakini kumfunga mwanamume kunahitaji shahidi, na tumbo la binti halihitaji shahidi. Rudi tena kwenye sarufi. Kiswahili kinasema binti kapewa mimba. Katika sentensi yeye ni mtendwa. Ofisini kwa mkuu wa shule anageuka kuwa mtenda, na barua ya kufukuzwa inaandikwa kwa jina lake. Mahali lugha inapogeuka hivyo ghafla, simama, kwa sababu hapo ndipo mamlaka ilipopita.

Wasomi wetu waliliona hili mapema. Kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliochunguza afya ya uzazi ya wasichana kilichangia kitabu *Chelewa, Chelewa*, kilichotoka mwaka 1994 chini ya uhariri wa Zubeida Tumbo-Masabo na Rita Liljeström. Kilieleza hali ya binti aliyebaki katikati: elimu ya unyago imedhoofika, na ya shule haijamfikia.

Majina ya ugonjwa

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kabla daktari hajatoa jina, watu walishatoa lao: Juliana, jina la nguo zilizouzwa katika biashara ya mpakani. Jina lile lilikuwa nadharia, likiunganisha ugonjwa na magendo, safari na pesa za ghafla. Dar es Salaam vijana walichukua herufi za Kiingereza, AIDS, wakazipa tafsiri yao: Acha Iniue Dogedoge Siachi. Baadaye tukasikia kwamba fulani amekanyaga miwaya, yaani ameambukizwa. Wizara ilihesabu maambukizi. Mtaa ulikuwa unajadili hatima, tamaa na ukata.

Kisha kampeni zikaanza kutunga maneno. Tangazo la redio la Fataki, mzee anayewanyemelea mabinti kwa chipsi na vocha, lilishika kiasi kwamba konda wa daladala angeweza kumpigia mtu kelele "Fataki huyo!" na abiria wote wakaelewa. Ikaja kampeni ya "Tuko Wangapi? Tulizana." Ni mara chache ofisi hutunga neno na mtaa ukalikubali, na Fataki lilikubaliwa kwa sababu watu walikuwa na mtu huyo tayari, walikosa jina lake. Kumpa jina mwenye nguvu, ambaye kwa miaka alikuwa anawapa wengine majina, ni kazi kubwa ya maarifa.

Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz kwa sababu ya maadili. Wiki hiyo hiyo, bila shaka, makungwi kadhaa wa mji huu walisimama chini ya maturubai wakaimba makali kuliko hayo, na wakalipwa kwa heshima. Somo akiimba ni mafunzo, redio ikiimba ni matusi, na kigodoro, ngoma ya mtaani, kikiimba usiku polisi wanaitwa. Kabla hujachambua maneno, chunguza turubai: nani yuko ndani, nani amelifunga, nani anasikiliza nyuma yake.

Namna ya kuingia

Wanaoanza taaluma hii hukutana na mitego miwili. Wa kwanza ni kudhani kwamba kila cha kale kilikuwa huru na kila kilichokuja na meli ni pingu. Kungwi alikuwa na mamlaka, na alijua kuitumia vibaya. Wa pili ni kudhani kwamba kwa kuwa maarifa yamefumwa na mamlaka basi hakuna ukweli, kila mtu na lake. Virusi ni virusi, na tumbo lililobonyezwa liliuma kweli. Tunachunguza mamlaka ili tuone vizuri zaidi, na ili tujue nani anaumizwa na kile kinachoitwa kawaida.

Utaambiwa huna haya. Usikasirike, na usiitupe haya yako. Haya ni maarifa: inakuambia lini unaingia chumba cha mtu bila hodi. Mtafiti mzuri hupiga hodi, hungoja, na akiambiwa "bado" hurudi siku nyingine. Usiandike jina la mtu wala mtaa wake pale ambapo kuandika kutamfikisha kwenye kipigo au kituoni. Daftari lako linafanana mno na lile la mwalimu wangu, nami naomba usilisahau hilo hata siku moja.

Siku hizi, kwenye kichenpati za Kiwalani, mimi nabaki ndani. Somo akishasema "watoto, tokeni nje," macho yangu huenda chini ya turubai, pale upindo usipofika ardhini. Huwa naona vidole vya miguu, vyenye vumbi, vimesimama kimya. Watoto hao tayari wako darasani, na wanachokosa ni mtu wa kuwajibu.

Nakupa kazi ya kwanza sasa hivi, kabla hujafungua kitabu kingine chochote. Chukua karatasi. Andika jambo la kwanza kabisa uliloambiwa kuhusu ujinsia. Andika nani alikuambia, mlikuwa wapi, nani mwingine alikuwepo, nani alitolewa nje. Chini kabisa andika swali uliloambiwa usiulize. Njoo na karatasi hiyo. Karibu sana, tutaanzia kwenye swali hilo.